Kutoa kromu na kuitia weusi kwenye Volkswagen Beetle ya zamani: mwongozo kamili

Bampa ya kwanza niliyoipiga rangi nyeusi ilikaa vizuri miezi miwili. Masika yalipoingia, rangi ikapasuka kwenye kona ya kushoto. Nikaishika kwa ukucha, ikachunika kipande kirefu kama ganda la ndizi, na chini yake kromu inang'aa utadhani imetoka dukani jana. Nilikaa chini kando ya gari nikakigeuza kile kipande mkononi. Upande wake wa ndani ulikuwa laini kama kioo. Mvua haikuing'oa ile rangi, kwa sababu haikuwa imeshika tangu siku ya kwanza.

Tangu hapo nimefungua na kufunga mapambo ya Beetle kadhaa, na haya ninayoandika ndiyo ningependa mtu angeniambia kabla sijanunua kopo la kwanza. Ninazungumzia Beetle kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa mikono. Mwenye Peugeot 504 au Datsun ya miaka ya 1970 atakuta kazi ni ileile, tofauti ni mahali klipu zilipojificha.

Weusi si kuharibu gari

Wapo watakaokuambia unaua gari la kale. Wajibu kwa upole, maana Volkswagen wenyewe walifanya. Mwaka 1973 walitoa toleo la njano lenye boneti nyeusi na bampa nyeusi, Wajerumani wakaliita Gelb-Schwarzer Renner. Kipindi hichohicho ikaja Beetle ya Jeans, viti vya kitambaa cha jinzi, na karibu kila kilichozoeleka kuwa cha kromu kimepigwa nyeusi. Zamani zaidi, Beetle ya bei nafuu, ile ya Standard, ilitoka kiwandani na bampa za rangi bila kromu. Na vijana wa California miaka ya 1970 waling'oa mikanda yote ya mapambo ya ubavuni na kuziba matundu yake, mtindo ambao hadi leo unaitwa California Look.

Ipo pia sababu ya barabarani. Datsun 240Z nyekundu iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ilikuwa na boneti nyeusi isiyong'aa, kwa sababu jua linaloakisiwa na bodi humpiga dereva machoni. Ukiendesha Beetle saa kumi jioni kuelekea machweo, kioo chake kimesimama karibu wima mbele ya uso wako, utaelewa.

Lakini kama gari lako bado lina vipande vyote vya asili vikiwa safi, na unawaza kulipeleka siku moja kwenye Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse, Nairobi, liache lilivyo. Kazi hii inafaa zaidi gari ambalo kromu yake imeshaliwa, hasa magari ya pwani yaliyokula chumvi miaka arobaini.

Ngazi za kazi ni tatu: kufunika, kupiga rangi, na kuondoa kabisa pamoja na kuziba matundu. Ya kwanza hurudishwa kwa dakika. Ya pili hurudishwa kwa taabu. Ya tatu hairudi. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na sijaona aliyeufuata akajuta: kabla ya lolote, funika kila kinachong'aa kwa tepu nyeusi ya umeme, uendeshe gari hivyo wiki tatu. Lipaki mahali utakapoliona asubuhi na jioni. Mara nyingi utagundua unataka bampa nyeusi lakini vifuniko vya rimu vibaki ving'avu, au kinyume chake. Kwenye gari jeupe, la njano au la rangi ya maziwa, weusi huchora umbo la gari vizuri sana. Kwenye bluu nzito au kijani kibichi, mistari yote humezwa na gari huonekana kama limevuliwa nguo.

Jua kila kipande ni chuma gani

Hapa ndipo wengi huteleza. Tunaviita vyote kromu, lakini Beetle ina angalau aina tatu za mng'aro na kila moja ina dawa yake.

Chukua sumaku ndogo, hata ile ya spika iliyoharibika. Ikishika, hicho ni chuma kilichopakwa kromu: bampa, vifuniko vya rimu, na mara nyingi pete za taa za mbele. Isiposhika na kipande ni kizito mkononi, kama vitasa vya milango, hiyo ni zinki iliyomiminwa kwenye kalibu kisha ikapakwa kromu. Isiposhika na kipande ni chepesi, chembamba, na mng'aro wake una weupe kidogo, hiyo ni alumini. Mikanda ya pembeni, ule wa boneti, na utepe ulio ndani ya raba za vioo kwa kawaida ni alumini iliyofanyiwa anodaizi, yaani iliyooteshwa ngozi ngumu juu yake kwa umeme. Vipande vya badala vilivyotengenezwa baadaye huweza kuwa vya stenlesi, navyo vingi havishikwi na sumaku, ila ni vigumu kuliko alumini, havipindi kirahisi.

Kuhakikisha anodaizi, tumia mita ya umeme. Weka ncha mbili juu ya uso wa mkanda bila kukwaruza. Anodaizi haipitishi umeme, hivyo mita itakaa kimya. Kisha gusa sehemu iliyokwaruzwa nyuma, mita italia. Jaribio la nusu dakika, na linakuokoa kununua praima, ile rangi ya chini ya kushikiza, isiyofaa.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu kromu ya mapambo ni ngozi isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya milimita, imelala juu ya nikeli ambayo ni nene zaidi, na mara nyingi chini yake kuna shaba. Ukiona vidoa vya kutu kwenye bampa, kutu haikuanzia juu. Imepenya kwenye vitundu vidogo na inatembea chini ya nikeli. Ukipaka nyeusi juu yake, itaendelea kula gizani.

Usijaribu kuvua kromu mwenyewe kwa asidi, wala kwa umeme kwenye ndoo ya kostiki soda kama wanavyoonyesha watu kwenye video. Maji yale hugeuka manjano, na manjano hayo ni kromu ya sumu inayosababisha saratani. Kiwanda cha kupaka kromu kina vifaa vya kuvua na kutupa. Uani kwako hakuna.

Kutoa mikanda ya pembeni

Osha gari kwanza. Mchanga uliokaa nyuma ya mkanda ndio unaokwaruza rangi unapouinua, si kifaa chako.

Bandika tepu ya karatasi, tabaka mbili, juu na chini ya kila mkanda urefu wote. Tafuta kabari ya plastiki. Ukikosa, chonga kipande cha mninga au mti mwingine mgumu, bapa, upana wa vidole viwili, ncha yake nyembamba kama kisu cha siagi. Bisibisi weka mbali. Inafanya kazi, lakini inaacha alama ya mwezi kwenye alumini ambayo hata rangi nyeusi haifichi.

Ingiza kabari kwenye ncha ya mkanda na usogee polepole hadi uhisi kizuizi. Hiyo ni klipu ya kwanza. Inua hapohapo, pembeni ya klipu, na si katikati ya klipu mbili. Ikitoa mlio wa kukatika, usivute. Acha ncha ielee na uende klipu inayofuata. Mkanda wa Beetle hufa kwa namna moja tu: mtu anashika ncha iliyoachia anavuta kama anafungua zipu, na mkanda unakunjika kwenye klipu inayofuata. Kunyanzi hilo halinyooki. Nimejaribu kwa nyundo ya mpira, kwa mvuke, kwa kusukuma kijiko upande wa nyuma, na kila mara likaonekana jua likipiga kwa pembeni.

Asubuhi baridi klipu za kale hukatika. Acha gari juani saa moja kwanza, plastiki zake zilainike. Kwenye boneti, fungua na utazame kwa ndani kabla ya kuinua chochote, kwani huenda kuna nati imekaza ncha ya mkanda au nembo. Nati hiyo ipulizie mafuta ya kulegeza kutu jioni, uifungue kesho.

Kila mkanda ukitoka, andika nyuma yake kwa kalamu ya wino mzito: mlango kulia, madigadi ya nyuma kushoto, mshale wa kuelekea mbele. Ufunge kwa kitambaa juu ya ubao ulionyooka. Usiusimamishe ukutani.

Bampa, raba za vioo na vitasa

Bampa haitaki maelezo mengi. Mafuta kwenye bolti za mabano usiku kucha, spana ya kufunika kichwa chote cha bolti, na mtu wa pili wa kushika upande wa pili. Piga picha shimu (vibati vya kujazia nafasi) na washa kabla hazijadondoka.

Utepe ulio ndani ya raba za vioo ni habari nyingine. Hautoki salama kioo kikiwa mahali pake, na raba ya zamani iliyokauka itapasuka ukiisumbua. Kama utepe umeharibika, subiri siku utakayobadilisha raba. Siku hiyo nunua raba zisizo na mfereji wa utepe, na weusi utakuja wenyewe bila tone la rangi. Ukipaka rangi utepe ukiwa ndani ya raba, rangi itadumu mwezi mmoja tu, kisha itabanduka.

Vitasa vya milango mimi huviacha. Pete za vidoleni na funguo hukwaruza rangi yoyote ndani ya wiki, na kitasa king'avu kimoja kwenye gari jeusi pembeni hakimuudhi mtu.

Matundu: fikiri mara mbili

Ukishatoa mikanda, mistari ya matundu inabaki ubavuni. Kama hujaamua, ziba kila tundu kwa kizibo kidogo cha mpira chenye nta ya kuzuia kutu, maji yasiingie mlangoni, uendelee kuendesha.

Ukiamua kuziba moja kwa moja, ni kuchomelea. Puti peke yake juu ya tundu itanyonya unyevu kwa nyuma na kutoa uvimbe msimu wa pili wa mvua. Bati la Beetle ni karibu milimita 0.8, jembamba, na linapinda kwa joto. Weka kipande cha shaba nyuma ya tundu, kinanyonya joto na chuma cha moto hakikishiki. Piga nukta moja, nenda tundu la mbali, piga nyingine, urudi la kwanza likiwa limepoa kiasi cha kuligusa kwa kiganja. Mwambie fundi wako hivyo mapema. Fundi hodari niliyefanya naye kazi aliniambia, "Kaka, haya matundu yote nakumalizia kabla ya adhuhuri." Nikamwomba, "Mzee wangu, nipe siku nzima, nitalipa siku nzima." Mlango ule hadi leo umenyooka.

Na haya si ya kusahau. Tangi la petroli la Beetle liko mbele, chini ya boneti. Ukichomelea kwenye boneti au ubavu wa mbele, tangi litoke kwenye gari, litoke kabisa hadi nje ya banda, na mpira wa petroli uzibwe. Betri iko chini ya kiti cha nyuma; itoe, na kiti chenyewe kitoke kwa sababu manyoya yake huwaka haraka. Vua bitana za milango. Weka ndoo ya maji na kizima moto, na mtu akae akitazama upande wa pili wa bati.

Baada ya kuchomelea, rangi ya ndani ya mlango itakuwa imeungua duara ndogo kila tundu. Sugua, piga praima, kisha pulizia nta ya kuzuia kutu ndani. Wengi husahau kwa kuwa hapaonekani, na kutu huanzia hapo.

Kutia weusi

Njia rahisi ni stika. Ile nyeusi ya satini, yaani yenye mng'aro wa wastani, inayofunikia magari huenda vizuri kwenye mikanda iliyonyooka. Futa kwa spiriti, bandika ukivuta kidogo tu, kunja kingo kuelekea nyuma, kisha pitisha hewa ya moto kwenye mikunjo ili stika isahau umbo lake la zamani. Kwenye bampa yenye mviringo huo wote, stika itataka kurudi. Ipo pia rangi ya mpira ya kopo inayochunwa. Piga tabaka tano au sita, maana tabaka mbili hazichuniki zikatoka nzima. Nzuri kwa kujaribu, ila kokoto huitoboa.

Rangi yenyewe ndiyo kazi. Nenda hivi.

Osha kwa sabuni ya vyombo na maji moto, suuza, kausha, kisha futa mafuta kwa thina ukitumia vitambaa viwili: cha kwanza kinapaka, cha pili kinakausha kabla thina haijaruka. Ukisugua msasa kabla ya kufuta mafuta, unayasukumia ndani ya mikwaruzo.

Kwa bampa, anza na msasa wa maji namba 240. Usiishie pale mng'aro unapofifia; sugua hadi usione tena uso wako. Maliza na 400. Tazama chini ya taa ukiinamisha kipande: palipobaki doa linalong'aa, hata ukubwa wa punje ya mchele, ndipo rangi itakapoanzia kuachia. Mikunjo na kando za matundu ya bolti ndiko bampa yangu ile iliponiponyoka. Palipo na kutu, sugua hadi chuma safi na ukingo wa kromu uwe mteremko ambao kidole hakihisi ngazi. Tumia maji muda wote, vumbi lisipeperuke, na uvae barakoa na glavu.

Kwa mikanda ya alumini iliyo mizima, msasa 400 na sifongo ngumu ya kijivu vinatosha. Kama anodaizi imeingia madoa meupe, ivue kwa kostiki soda: vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji baridi, ndani ya chombo cha plastiki, nje penye hewa. Soda huingia kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe kwenye soda. Miwani na glavu ndefu. Povu likianza, hesabu dakika moja, toa, suuza kwa maji mengi, kisha pitisha siki. Usiuache humo ukaenda kunywa chai, kwani soda ileile inakula alumini yenyewe.

Praima: juu ya kromu iliyosuguliwa, tumia epoksi ya kuchanganya na kigumishi. Praima ya asidi ni nzuri kwenye alumini na chuma kitupu, lakini juu ya kromu haina cha kung'ata. Usizipandishe moja juu ya nyingine ila kopo liseme inaruhusiwa. Piga epoksi tabaka mbili nyembamba na ufuate muda wa kwenye kopo. Ukichelewa kupita muda huo, sugua tena kwa 400 kabla ya nyeusi.

Nyeusi nayo, chagua satini. Ile isiyong'aa kabisa hushika alama za vidole, hufifia juani, na huwezi kuipiga polishi bila kuacha doa linalong'aa. Inayong'aa kabisa huonyesha kila kasoro ya bampa ya miaka hamsini. Tabaka tatu nyepesi, dakika kumi na tano kati ya moja na nyingine. Pwani, piga rangi asubuhi umande ukishakauka na kabla upepo wa bahari haujaamka. Unyevu ukiwa mwingi, nyeusi hutoka na ukungu mweupe. Mwaga maji yaliyo kwenye tangi la kompresa kabla ya kuanza.

Rangi yenye kigumishi ina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii kitu. Bila kifaa cha kupumulia hewa safi na mahali pa kupulizia, mpe fundi rangi mwenye navyo. Utayarishaji ufanye mwenyewe. Nusu ya gharama ni huko, na hakuna atakayesugua ile mikunjo kwa moyo kama mwenye gari.

Wengine watakushauri rangi ya unga inayookwa. Kwa alumini sawa. Kwa vipande vya zinki vyenye vishimo, joto la karibu nyuzi 200 hufukuza hewa iliyonaswa ndani na kuacha malengelenge, na juu ya kromu isiyovuliwa haishiki vyema.

Kurudisha mahali pake

Nunua klipu mpya zenye vifuniko vya mpira. Chovya kila klipu kwenye nta kabla ya kuibana: klipu ya chuma ikigusana na alumini kwenye hewa ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na unga mweupe huanza kutoka chini ya rangi yako mpya. Panga mkanda juu ya klipu zote, kisha gonga kwa kiganja, klipu moja baada ya nyingine.

Kwenye vifuniko vya rimu, usipige rangi ukingo wa ndani unaong'atwa na vibanio. Rangi hapo humenyeka siku ya kwanza na kuburuta iliyobaki.

Bampa ipumzike siku saba kivulini kabla ya kufungwa, hata kama inaonekana kavu baada ya saa tatu. Weka washa ya nailoni chini ya kila kichwa cha bolti, kaza kwa spana hadi isicheze, endesha wiki moja, ndipo urudie kukaza.